Kuuliza Hesabu Si Kutukana

Liko neno moja lililozoewa mno vinywani mwa watu, nasi twaona yatupasa kulipinga, kwa kuwa kwa nje lina sura ya adabu lakini ndani yake mna hasara. Neno lenyewe ni hili: "Mambo ya madini na mikataba ni ya wakubwa. Raia mwema hulipa kodi yake akanyamaza, na mtu wa dini husali akanyamaza." Tumelisikia barazani, tumelisikia njiani watu watokapo ibadani, na lililotusikitisha zaidi ni kulisikia kwa walimu wenzetu. Basi leo twataka kulijibu waziwazi, pasipo kumvunjia mtu heshima, tuonyeshe ya kwamba kuuliza hesabu ya mali ya nchi si utovu wa adabu, bali ni wajibu wa kila mwenye mali.

Na tuanze na mambo tuyajuayo. Sisi tukaao Ikonda na katika milima hii ya Makete twaishi kwa viazi, kwa pareto, na kwa miti. Mtu hupanda misindano akiwa kijana, huingoja miaka mingi, ndipo aivune. Siku ya kupasua mbao husimama kando ya msumeno toka asubuhi, akihesabu ubao kwa ubao. Malori yakisha kupakiwa hushuka kwenda Njombe, na toka Njombe hufika Makambako, penye njia kuu na reli ya TAZARA. Na mwenye mbao ajua ni ngapi zilizokwenda, kwa bei gani, na ushuru wake ulikuwa kiasi gani. Je, mpasuaji hukasirika akihesabiwa? La, hakasiriki, maana ajua kwamba hesabu ndiyo ilindayo urafiki. Kadhalika mnunuzi wa pareto hasemi ametukanwa, mkulima atazamapo mizani.

Basi ikiwa ndivyo kwa ubao mmoja na kwa gunia moja la pareto, kwa nini iwe tusi mali ikiwa ni mlima mzima?

Na mlima mzima tunao. Katika mkoa wetu huu wa Njombe, kwa jirani zetu wa Ludewa, kuna chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Wapimaji wamekadiria chuma kuwa tani milioni 126, na makaa tani milioni 428. Wala si chuma kitupu. Kimechanganyika na titaniamu na vanadiamu, madini yenye thamani yake mbali. Mwezi wa Septemba mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia saini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China, kampuni ipate sehemu 80 katika kila 100, na Shirika lipate sehemu 20. Watu walifurahi, wakatazamia kazi, umeme na barabara. Lakini fidia ya wenye mashamba haikulipwa mpaka mwaka 2023. Tangu saini hata fidia ni miaka 12. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa saini alikuwa yu karibu kumaliza shule ya msingi.

Hatuandiki haya ili kumhukumu mtu. Serikali ilikuwa na haki ya kuuchungua tena mkataba isioridhika nao, na uchunguzi wa kweli hutaka muda. Lakini twauliza: katika miaka ile yote, mkulima wa Ludewa aliambiwa nini? Mtu aliyeambiwa kwamba shamba lake litachukuliwa hapandi mti wa kudumu, wala hajengi nyumba ya matofali. Hukaa kama abiria kituoni asiyejua gari litakuja lini, wala kama litakuja. Kama mkataba ungalisomwa mbele yake kwa lugha yake, pamoja na sababu za kukawia, umaskini wa kungoja ungalipungua. Maana angalau angalijua kama apande au ahame. Haya ndiyo madhara ya kwanza ya siri: kabla haijaiba fedha, huiba miaka ya watu.

Asiyeamini kwamba kuuliza kuna faida, na asikilize habari ya dhahabu huko kaskazini. Migodi mikubwa ya siku hizi ilianza Nzega mwaka 1998, ikafuata Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na North Mara mwaka 2002. Sheria ya Madini ya mwaka 1998 iliweka mrabaha wa dhahabu, yaani sehemu ambayo mchimbaji humpa mwenye mali, kuwa 3 katika kila 100. Nao ulihesabiwa baada ya kutoa baadhi ya gharama. Mikataba yenyewe ilifungiwa kabatini. Mwezi wa Februari mwaka 2007 mkataba wa mgodi wa Buzwagi ulitiwa saini London. Mbunge mmoja, Zitto Kabwe, akauliza Bungeni mwezi wa Agosti kwa nini mkataba utiwe saini ugenini, hali Serikali ilikuwa imesema kwamba mikataba ya madini inaangaliwa upya. Akasimamishwa asihudhurie Bunge kwa muda. Lakini swali halikusimamishwa. Mwaka ule ule Rais Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kuchunguza habari za madini.

Mwaka 2008 likatokea jambo tunalotaka kila msomaji alishike sana. Jumuiya ya Kikristo Tanzania, Baraza la Maaskofu Katoliki, na Baraza Kuu la Waislamu walishirikiana kutoa kitabu kilichoandikwa na Mark Curtis na Tundu Lissu, kuonyesha kwa hesabu jinsi nchi ilivyokosa faida ya dhahabu yake. Viongozi hao wa dini hawakuhubiri tu juu ya haki. Walitafuta tarakimu, wakazichapa, wakaziweka mezani. Mwaka 2012 wakatoa kitabu cha pili juu ya kodi zipoteazo, wakakadiria kwamba hasara yafikia dola bilioni moja na zaidi kwa mwaka. Hatusemi kwamba vitabu hivi peke yake viligeuza sheria. Lakini mwaka 2010 sheria mpya ilipandisha mrabaha kuwa 4 katika kila 100, tena uhesabiwe juu ya bei nzima. Na mwaka 2017 ukawa 6. Mlango uliogongwa na wengi hatimaye ulifunguka.

Tena tazameni jambo dogo zaidi, mtaona jinsi siri inavyoumiza wilaya. Sheria ya fedha za serikali za mitaa ya mwaka 1982 iliruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma usiozidi shilingi 3 katika kila shilingi 1,000 za mauzo. Lakini mikataba ya migodi mikubwa iliweka kima kimoja tu, dola 200,000 kwa mwaka, dhahabu iwe nyingi au chache, bei ipande au ishuke. Tufanye hesabu kama tunavyowafanyia watoto ubaoni. Tuseme mgodi umeuza dhahabu ya dola milioni 400. Sehemu 3 katika kila 1,000 ni dola 1,200,000. Ukitoa 200,000, wilaya imekosa dola 1,000,000 katika mwaka mmoja. Ni madarasa mangapi hayo? Ni visima vingapi? Tangu mwaka 2014 hivi makampuni makubwa yalianza kuacha kima kile na kulipa kwa mauzo. Diwani asiyejua kilichoandikwa katika mkataba angedai nini, na kwa kipimo gani?

Na mahali pasipo hesabu ya wazi, ugomvi huja badala yake. Mwezi wa Machi mwaka 2017 makontena ya mchanga wa madini yalizuiwa bandarini Dar es Salaam. Kamati mbili za wataalamu zikatoa tarakimu kubwa mno. Kampuni ikazikana kabisa. Sisi raia tulikaa katikati kama watoto wa wazazi wanaogombana, hatujui tumwamini nani, maana hatukuwa na daftari letu wenyewe. Mwisho wake ulikuwa mapatano ya mwaka 2019: ikaundwa kampuni ya Twiga, Serikali ikapata sehemu 16 katika 100, na kampuni ya Barrick ikakubali kulipa dola milioni 300. Twashukuru kwa mapatano. Lakini ingalikuwa heri kama mizani ingalitazamwa na wote tangu siku ya kwanza.

Wala hili si wazo letu sisi wa milimani tu. Mwaka 2002 vyama vya raia huko London vilianza mwito wa kuyataka makampuni ya mafuta na madini yatangaze kila yalipacho. Kukafuata mpango wa mataifa mengi: makampuni huandika yalicholipa, serikali huandika ilichopokea, na mkaguzi huzilinganisha hesabu hizo mbili. Tanzania iliingia katika mpango huo mwaka 2009. Taarifa yake ya kwanza ilipotolewa mwaka 2011, hesabu za pande mbili hazikupatana. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria ya uwazi na uwajibikaji katika madini, mafuta na gesi. Na katika kamati yake huketi watu wa Serikali, wa makampuni, na wa vyama vya raia. Sheria hiyo yaagiza hata mikataba itangazwe, pamoja na majina ya wenye hisa. Basi asemaye kwamba kuuliza mkataba ni uasi, ajue ya kuwa anapingana na sheria ya nchi, wala si na sisi.

Sasa tuyajibu maneno ya wapinzani, maana wako, nao si wajinga.

Wa kwanza husema, "Biashara ina siri zake." Kweli, fundi aweza kuficha namna yake ya kuyeyusha chuma. Lakini malipo yaingiayo katika hazina ya watu wote si siri ya fundi. Mwenye mbao humruhusu mpasuaji kuficha jinsi anolavyo msumeno. Hamruhusu kuficha idadi ya mbao.

Wa pili husema, "Watu wa kijijini hawataelewa hesabu hizo." Hili ni tusi lililovaa kanzu ya huruma. Mama auzaye viazi hujua faida na hasara upesi kuliko karani. Kama taarifa haieleweki, kosa ni la mwandishi. Mwaka 2018 Bunge liligeuza Sheria ya Takwimu, hata kutangaza hesabu zinazopinga za Serikali kukawa hatari. Mwaka 2019 sheria hiyo ikarekebishwa. Tujifunze hapo: tarakimu isiyo sahihi huponywa kwa tarakimu iliyo sahihi, wala haiponywi kwa kufuli.

Wa tatu husema, "Vyama hivi viulizavyo hulishwa na fedha za wageni, navyo havitoi hesabu zao." Ndugu, hapa twakiri kwamba jiwe limepiga mahali pake. Viko vyama visemavyo habari za uwazi katika hoteli za Dar es Salaam, visikanyage Ludewa wala Geita. Taarifa zao ni taa iliyofunikwa kwa pishi. Na sisi watu wa kanisa, je? Tukitaka hesabu ya dhahabu, na tuisome kwanza hesabu ya sadaka, senti kwa senti, mbele ya waliotoa. Chama kisichofungua daftari lake hakina kinywa cha kudai daftari la mwingine. Lakini dawa ya kosa hili ni kuongeza uwazi, si kuupunguza.

Wa nne hutujia na Maandiko. Husema, "Katika siku za Mfalme Yoashi, wasimamizi wa mafundi wa hekalu hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walikuwa waaminifu." Ni kweli imeandikwa. Lakini mwenye kusoma na asome toka juu ya sura. Hapo kwanza makuhani walipokea fedha kwa mikono yao, na hata mwaka wa 23 wa mfalme huyo mabomoko ya nyumba hayakutengenezwa. Ndipo likawekwa sanduku lenye tundu kifunikoni, mahali pa wazi. Na lilipojaa, hakulifungua mtu mmoja, bali mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu waliihesabu fedha pamoja. Uaminifu ule ulikuja baada ya sanduku. Mpinzani wetu ataka uaminifu pasipo sanduku.

Na sasa twaja nyumbani, maana ni rahisi kuinyoshea kidole Dar es Salaam hali vidole vingine vyatuelekea sisi wenyewe. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 imempa kila mkaaji wa kijiji aliyetimiza miaka 18 kiti katika mkutano mkuu wa kijiji, nao hupaswa kukutana kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Je, sisi twahudhuria? Wangapi wetu hubaki shambani siku hiyo, kisha jioni hulalamika kilabuni?

Tulikijua kijiji kimoja, ambacho hatutakitaja jina, kilichouza miti yake ya kijiji ili kumaliza darasa. Miezi ikapita, darasa likabaki bila bati. Mama mmoja mzee akasimama mkutanoni akauliza, "Fedha za miti ziko wapi?" Akaambiwa akae, asiwavunjie wazee heshima. Akaketi. Tangu siku hiyo watu waliacha kwenda kazi za kujitolea. Waliitwa kubeba mchanga wasije, waliitwa kufyatua matofali wasije. Baadaye sana daftari likasomwa, na ikaonekana kwamba fedha zilikuwako, hazikupungua hata shilingi moja. Bei ya bati ilikuwa imepanda, na mwenyekiti alikuwa akingoja ishuke. Mwenyekiti yule hakuwa mwizi. Ukimya wake mwenyewe ndio uliomharibia jina, ukaharibu na darasa pia. Viongozi wetu wapendwa, yafikirini hayo: yule mama hakuwa adui. Alikuwa amewaletea nafasi ya kusafishwa mbele ya watu wote, nanyi mkamketisha.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuhudhurie mkutano wa kijiji, tuulize mambo matatu kwa heshima: kimeingia kiasi gani, kimetoka kiasi gani, na karatasi zake ziko kwa nani. Pili, tuutumie uhuru tuliopewa na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Andika barua, weka nakala, na ofisi yapaswa kujibu katika siku 30. Tatu, sisi walimu tuache kufundisha asilimia kwa machungwa ya kubuni. Tuwafundishe watoto kwa mrabaha na ushuru wa huduma, ili watakapokuwa madiwani wasidanganyike kwa mambo waliyoweza kuyajua darasani. Nne, vyama vya raia na makanisa yachape taarifa za madini kwa Kiswahili chepesi, yazibandike ukutani penye watu, Liganga kama Ikonda. Na kando yake yabandike hesabu zao wenyewe.

Chuma cha Liganga kimelala ardhini tangu kuumbwa dunia, wala hakiozi. Kikichimbwa bila sisi kujua bei yake, hakitaota tena kama msindano. Hapana mche wa chuma. Kwa hiyo wakati wa kuhesabu ni kabla ya lori la kwanza kushuka mlimani, wala si baada ya la mwisho. Wazee wetu wamesema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twawaomba, wasomaji wetu, mkutano wa kijiji ujao msikose. Na mama mzee akisimama kuuliza, msimwambie akae.